Wanaosifu Ala na Kusahau Kitara

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii, ambayo wazee wetu waliitumia kwa mambo ya sokoni na kwa mabinti wa kuposwa, siku hizi imevishwa kilemba kipya na kugeuzwa fatwa ya kuhukumia wanamichezo: mwanamke apendwaye na watu wengi katika simu husemwa kuwa ndiye bora, na asiyejulikana husemwa kuwa alistahiki kutojulikana. Nimeisikia fatwa hiyo mara nyingi, lakini haijapata kunichoma kama inapotumiwa juu ya wanawake wa Urusi wapiganao kwa kitara, mchezo ambao wengi wa wasemaji hao hawajapata kuutazama tangu mwanzo wa pambano hata mwisho wake, ingawa picha za wapiganaji wenyewe, wakiwa wamevua kofia ya wavu na nywele zimeachiwa mabegani, wanazijua moja baada ya moja kama mtu ajuavyo shanga za tasbihi yake.

Nimedhamiria kuijibu rai hiyo. Walakini adabu ya malumbano ni kuieleza kwanza hoja ya mpinzani namna ambayo yeye mwenyewe akiisikia ataikiri kuwa ni yake, kwani kumvisha mtu maneno asiyoyasema na kisha kumshinda kwa maneno hayo ni ushindi wa apiganaye na kivuli.

Hoja yao kama waisemavyo

Wanasema mambo manne. La kwanza, kwamba wafuasi wa mtandaoni ni mashahidi waadilifu, kwa maana hakuna aliyewashurutisha kupenda, na shahada ya umma usiolipwa ina uzito kuliko shahada ya waandishi wachache wa magazeti. La pili, kwamba mchezo wa vitara ulikuwa umejificha katika kumbi za matajiri na wanajeshi wa Ulaya, na sura hizi zinazopendwa ndizo zilizoutoa gizani. La tatu, kwamba mwanamke mwenye wafuasi wengi anapata riziki na uhuru wake mwenyewe, asiwe tena mja wa shirikisho wala wa serikali. La nne, ambalo husemwa kwa sauti ya upole kupita yote, kwamba mahaba ya mtandaoni hayana mpaka wala bendera, na kwamba mtu wa Mombasa au wa Muscat anayempenda mpiganaji wa Moscow amefanya kazi ya suluhu ambayo mabalozi wameshindwa kuifanya.

Hoja hizi si za kipumbavu. Zina sura nzuri, nazo zimekaa vizuri katika vinywa vya watu. Taksiri yake ni moja tu: kila moja inakanushwa na mambo yaliyotukia mbele ya macho ya ulimwengu, na tena na wanawake wale wale wanaosifiwa.

Kwanza: juu ya ushahidi wa umma

Tuanze na mizani yao, tuone inapima nini. Sofia Velikaya, mzaliwa wa Almaty, alifika fainali ya kitara katika Olimpiki ya London mwaka 2012 akashindwa na Kim Ji-yeon wa Korea Kusini. Baada ya hapo alijifungua mtoto, akarudi ulingoni, akawa bingwa wa dunia mjini Moscow mwaka 2015 kama alivyokuwa mwaka 2011. Akafika tena fainali ya Olimpiki, Rio mwaka 2016, akashindwa na Mrusi mwenziwe Yana Egorian. Akafika mara ya tatu, Tokyo mwaka 2021, katika michezo iliyoahirishwa kwa sababu ya maradhi ya Korona, akashindwa kwa 15 kwa 11 na Mrusi mwingine, Sofya Pozdniakova. Fainali tatu mfululizo katika muda wa miaka tisa, nishani tatu za fedha, na juu yake nishani mbili za dhahabu alizozipata pamoja na wenzake wa timu: ikiwa huo si ubora, basi sijui neno ubora limewekewa nini katika kamusi.

Sasa tumtazame mwingine. Mnamo tarehe 27 Julai 2023, katika mashindano ya dunia mjini Milan, Mrusi aitwaye Anna Smirnova alishindwa mapema kabisa, kwa 15 kwa 7, na Olha Kharlan wa Ukraine. Matokeo kama hayo hutokea makumi kwa siku katika mashindano makubwa, na kwa desturi mshindwa huchukua mfuko wake akaenda zake, asikumbukwe ila na kocha wake. Lakini kwa sababu ya jambo lililofuata baada ya pigo la mwisho, nitakalolieleza mahali pake, jina la Smirnova lilizunguka dunia kabla jua halijachwa, na watu ambao wasingeweza kumtambua Velikaya hata akisimama mbele yao na nishani zake zote tano shingoni, walikuwa wakibishana juu ya Smirnova usiku kucha.

Simlaumu binti huyo kwa kujulikana, wala hakuna aliyemwuliza kama anataka. Ninaloliuliza ni hili: mizani hii, iliyompandisha aliyepigwa 15 kwa 7 juu ya aliyefika fainali tatu za Olimpiki, ni mizani ya namna gani? Mwenye duka akikupimia sukari kwa mizani ya aina hiyo utamshitaki kwa kadhi. Na tazama jinsi methali yao inavyowageukia: aliyejulikana zaidi hakujulikana kwa kushinda, bali kwa kukaa kitini mbele ya kamera asiondoke. Katika simu, wenzangu, si kizuri kilichojiuza. Kilichosambaa ni kile kilichojitembeza, au kilichotembezwa na wengine bila ya idhini yake.

Pili: juu ya sura na kofia ya wavu

Hapa pana mkinzano ambao nastaajabu kwamba hawauoni, ingawa uko mbele ya nyuso zao, au niseme kwa usahihi zaidi, mbele ya nyuso za wale wanaowapenda. Kazi yote ya mpiganaji wa kitara, kila pigo aliloshinda kwalo na kila kosa lililomwangusha, hufanywa akiwa amefunikwa uso. Hakuna pigo hata moja la Pozdniakova lililomletea dhahabu ya Tokyo ambalo mtazamaji aliliona pamoja na macho yake. Picha zinazopendwa, kwa hiyo, ni picha za wakati asiofanya kazi: kabla ya kuvaa kofia, baada ya kuivua, au siku ya mapumziko ufukweni. Ni kama kumsifu nahodha wa jahazi kwa jinsi alivyopendeza siku ya harusi yake, na kisha kudai kwamba umeusifu unahodha wake.

Wala kofia hiyo si pambo wala si hila ya kuwanyima wapenzi haki yao. Mwaka 1982, katika mashindano ya dunia mjini Rome, Msovieti Vladimir Smirnov, bingwa wa Olimpiki ya mwaka 1980 katika silaha nyembamba iitwayo foili, alikuwa akipambana na Mjerumani Matthias Behr. Upanga wa Behr ukavunjika, na kipande kilichobaki kikapenya wavu wa kofia kikamwingia kwenye jicho hata ubongoni. Smirnov alifariki baada ya siku chache. Kutokana na msiba huo kofia ziliimarishwa, mavazi yakashonwa kwa vitambaa vigumu zaidi, na chuma cha panga kikabadilishwa ili kisivunjike kwa urahisi. Jina hilo la ukoo ni la kawaida mno huko Urusi, na Anna hana haja ya kuwa na nasaba naye. Lakini yeyote anayependa kulitaja jina la Smirnova kwa ajili ya kelele za Milan angefanya insafu kumkumbuka na huyo aliyekufa Rome, ambaye kwa kifo chake wanawake hao wanapigana leo wakarudi nyumbani salama.

Na zaidi ya hayo, jambo hili limekwisha kujaribiwa. Viongozi wa mchezo wenyewe, wakiitamani televisheni kama wengine wanavyozitamani simu sasa, waliwahi kuingiza kofia zenye kioo cha plastiki mbele ili sura ionekane. Baadaye usalama ukaleta tashwishi, na wavu wa chuma ukarudi. Mchezo uliwekwa njia panda, uchague baina ya uso unaoonekana na uso unaosalimika, nao ukachagua kusalimika. Wapenzi wa mtandaoni wanataka uchaguzi huo utenguliwe kwa ajili ya macho yao, kisha wanajiita marafiki wa mchezo.

Tatu: juu ya kuutoa mchezo gizani

Wanasema sura hizi zimeufundisha umma mchezo. Hebu tuufanyie mtihani mwepesi umma huo uliofundishwa. Katika kitara, sehemu halali ya kupigwa ni kuanzia kiunoni kwenda juu, na wapiganaji wawili wakigusana kwa wakati mmoja taa zote mbili huwaka. Hapo mwamuzi huamua nani alikuwa na haki ya shambulio, yaani nani aliyeanza kushambulia kwa mkono ulionyooshwa, na nani aliyepaswa kujikinga kwanza kabla ya kujibu. Roho yote ya mchezo imo katika hukumu hiyo. Mwulize mpenzi wa picha, aliyebonyeza moyo mwekundu mara elfu, akuambie kwa nini taa mbili ziliwaka na pointi ikapewa mmoja. Akikujibu sawasawa, nitaichana karatasi hii.

Lakini kilichonikera zaidi ni historia inayodhulumiwa na dai hilo. Wanawake waliingia katika mapambano ya panga ya Olimpiki mwaka 1924 mjini Paris, kwa foili peke yake, wakaachwa hapo kwa miaka 72, mpaka mwaka 1996 waliporuhusiwa silaha ya pili, epee, mjini Atlanta. Kitara, kilichohesabiwa kuwa ni silaha ya wapanda farasi na kwa hiyo ya wanaume, walikipata Athens mwaka 2004. Katika miaka hiyo yote ya kubisha hodi hapakuwa na Instagram, ambayo ilizaliwa mwaka 2010. Mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa kwa mabega ya wanawake ambao hakuna aliyewahesabia wafuasi. Galina Gorokhova wa Moscow alipata dhahabu tatu za timu, mwaka 1960, 1968 na 1972, na kama umaarufu wa simu ndio unaotoa mtu gizani, basi yeye yumo gizani hata leo.

Tena, hata baada ya simu kuja, dhulma kubwa iliendelea bila ya simu kuitambua. Kwa miaka mingi haikuwezekana silaha zote tatu kupata mashindano ya timu katika Olimpiki moja, zikawa zinapokezana zamu. London mwaka 2012 zamu ya kukosa iliangukia kitara cha wanawake. Velikaya, akiwa katika nguvu zake, alikwenda London akijua kwamba mlango wa dhahabu ya timu umefungwa kabla hajapanda ndege. Zamu hiyo haikuondolewa mpaka Tokyo. Sikumbuki kusikia umma wa mapenzi ukiinuka kuidai haki hiyo. Ulikuwa na shughuli nyingine: ulikuwa ukipanga orodha za wapiganaji warembo.

Nne: juu ya riziki na uhuru

Hoja hii ndiyo ipendwayo na vijana wa biashara, nayo ina mvuto, kwa sababu ni kweli kwamba wafuasi katika nchi nyingi ni tijara. Lakini wasemaji wamesahau kuuliza mpiganaji huyu anaishi wapi. Instagram, soko lenyewe ambamo sifa hizi zinauzwa, ilifungwa nchini Urusi tarehe 14 Machi 2022, wiki chache baada ya majeshi ya Urusi kuivamia Ukraine, na wiki ya pili yake mahakama ya Moscow ikaitangaza shughuli ya kampuni mama, Meta, kuwa ni ya msimamo mkali. Tangu tarehe 1 Septemba 2025 sheria ya huko inakataza hata kutangaza bidhaa katika mitandao ya namna hiyo. Basi fikiri, ewe msomaji, juu ya mali ya namna hii: duka limefungwa, mteja wa nyumbani huingia kwa kupitia dirishani, na mwenye duka akipokea ujira wa tangazo huwa amevunja sheria ya nchi yake. Huo ndio uhuru tunaoambiwa tuuonee wivu.

Na mkono unaolisha ni upi? Kwa desturi ya Urusi, iliyorithiwa kutoka enzi za Usovieti, wanamichezo wengi wakubwa husajiliwa katika klabu za vyombo vya dola, kama CSKA ya jeshi na Dynamo ya polisi na usalama, na huko ndiko hutoka mshahara, makocha na ukumbi wa mazoezi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipotoa mapendekezo yake tarehe 28 Machi 2023 juu ya Warusi wa kurudishwa mashindanoni, haikuuliza nani ana wafuasi wangapi. Iliuliza nani ana mkataba na jeshi au vyombo vya usalama, na nani ameiunga mkono vita. Na ilipofika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, hakuna Mrusi hata mmoja aliyesimama katika ulingo wa panga. Nyoyo zote nyekundu za ulimwengu, zikikusanywa zikawekwa katika kapu moja, hazikuweza kumnunulia mmoja wao nafasi ya pambano moja.

Tano: juu ya mapenzi yasiyo na bendera

Sasa nitimize ahadi yangu nieleze yaliyotukia Milan. Smirnova alikuwa akishindana kama mtu asiye na taifa: hana bendera begani, hana wimbo wa nchi, hana jina la Urusi. Pambano lilipokwisha alimwendea Kharlan ampe mkono, kama kanuni ya wakati huo ilivyolazimisha. Kharlan, ambaye nchi yake ilikuwa ikipigwa kwa mabomu saa hiyo hiyo, alinyosha kitara chake ili ncha ziguswe badala ya mikono, kisha akaondoka. Smirnova akabaki ulingoni, akakaa kitini zaidi ya nusu saa akidai haki yake ya kanuni, na Kharlan, bingwa wa dunia mara nne, akaonyeshwa kadi nyeusi akatolewa mashindanoni. Siku ya pili shirikisho la kimataifa la mchezo huo likamwondolea adhabu, na rais wa wakati huo wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, Thomas Bach, ambaye mwenyewe alipata dhahabu ya foili pamoja na timu ya Ujerumani Magharibi mwaka 1976, akamwahidi nafasi ya Paris. Huko Kharlan akapata shaba peke yake, kisha dhahabu pamoja na wenzake kwa kuishinda Korea Kusini 45 kwa 42.

Je, yako wapi mapenzi yasiyo na bendera? Smirnova alivuliwa bendera na kanuni za mchezo, na mtandao ukamshonea nyingine kabla ya jasho lake kukauka: kwa hawa akawa shujaa aliyeonewa, kwa wale akawa askari wa uvamizi, na kwa pande zote mbili akaacha kuwa mtu aliyekuja kupigana akashindwa. Waliompenda walimpenda ili kumchukia Kharlan, na waliomchukia walimchukia ili kumpenda Kharlan. Nimewasikia wenye hoja wakisema hayo ni matumizi mabaya ya umaarufu, na kwamba umaarufu wenyewe hauna hatia. Nawajibu kwamba moto uliounguza nyumba ndio ule ule uliopika wali, lakini hakuna mwenye akili anayeuwasha ndani ya jahazi lililobeba mafuta ya taa, kisha akalalamika kwamba umetumiwa vibaya.

Na tofauti baina ya hukumu ya mchezo na hukumu ya umma iko bayana katika kisa hiki. Mchezo ulikosea usiku mmoja, ukajirudi kesho yake, ukalegeza kanuni ya kupeana mikono. Umma haujirudi. Picha ya mwanamke aliyekaa kitini ingali inazunguka, nayo itazunguka akiwa bibi wa wajukuu.

Kauli ya mwisho

Nimewapa wapinzani wangu nafasi ya hoja zao nne, na nimezikuta zote zimesimama juu ya jambo moja wasilolitaja: kwamba wanampenda mpiganaji kwa kila kitu isipokuwa kupigana kwake. Wameipenda ala kwa nakshi zake, wakaitundika ukutani, na kitara kilichokuwa ndani hawajapata kukichomoa wakakitazama makali.

Nami siwaombi waache kutazama. Nawaomba watazame pambano moja, lote, kofia zikiwa zimevaliwa. Laiti wangelianza na fainali ya Rio ya tarehe 8 Agosti 2016, wanawake wawili wa nchi moja, nyuso zao zikiwa nyuma ya wavu wa chuma, Egorian kwa upande huu na Velikaya kwa upande ule, mpaka hesabu ikasimama 14 kwa 14 na likabaki pigo moja tu. Egorian ndiye aliyelipata.